Siku Tuliyokifagia Kituo

Watu wa kwetu wakikuambia kituo chetu cha treni kiliuawa na soko huria, usiwasikilize. Soko huria lina lawama zake nyingi, lakini hii si yake. Kituo kile tulikiua wenyewe, kwa ufagio na chokaa, tukiongozwa na mwenyekiti wetu wa kitongoji, mtu mzima ovyo.

Kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa, kwenye reli ya kwenda Mikumi: chumba kimoja cha tiketi, benchi na vumbi. Siku ya treni palikuwa hapatamaniki. Wakulima wa Masanze walileta matenga ya nyanya, mbuzi walifungwa kwenye nguzo, wanawake wa Mabwerebwere walipigana vikumbo chini ya madirisha ya mabehewa na mabeseni yao. Mama alikuwa mmoja wao. Aliuza mihogo ya kukaanga, na kwa mihogo hiyo alitulea peke yake baada ya baba kufariki. Mwaka ule dada alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na Mama alisema mtoto atasoma hata ikibidi yeye akaangwe pamoja na mihogo.

Ndipo ikaja habari kwamba wakubwa wa reli watapita kukagua vituo vidogo. Ulikuwa wakati wa kupunguza: wafanyakazi wanapunguzwa, na kituo kisicho na watu kinafungwa. Hata mbuzi angeelewa la kufanya. Mwenyekiti hakuelewa. Alikuwa amezoea kupokea misafara ya viongozi, akajua jambo moja tu: mgeni akija, uchafu ufichwe. Na uchafu, kwa akili zake, tulikuwa sisi.

Akatoa amri. Siku hiyo biashara marufuku, mbuzi marufuku, wenye safari wasafiri siku nyingine. Tukafagia, tukayapaka mawe chokaa. Mama akamuuliza, "Mwenyekiti, si wanakuja kutazama kama pana watu?" Akajibiwa, "Mama, usituaibishe mbele ya wageni." Na wale wanaume wote, wenye ndevu zao, wakatikisa vichwa kukubali. Nawadharau mpaka leo.

Wageni walikuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha ukaguzi kipitacho relini. Wakamkuta mwenyekiti ndani ya suti ya mtumba, na nyuma yake benchi tupu linalong'aa. Wakasifu usafi. Mmoja akauliza abiria wako wapi. Mwenyekiti akavimba kichwa: "Hapa kwetu hakuna vurugu, mheshimiwa." Yule bwana akaridhika. Msomi mzima, chokaa bado mbichi mbele ya viatu vyake, hakuuliza la pili.

Haukupita muda treni ikaacha kusimama. Mabati yakaezuliwa, matofali yakaenda kujenga vyoo vya watu ninaowafahamu. Mama alijaribu stendi ya mabasi, lakini kule kila kona ilikuwa na mwenyewe, wakamfukuza. Shule zikafunguliwa, dada hakwenda. Akaolewa Magole, na mwanamume mwenye shamba la mpunga na umri wa baba yetu.

Mwenyekiti alikuja harusini, tena akakaa mbele. Akamwambia Mama, "Hongera, binti kapata kwake." Kisha akasogeza sahani aongezwe pilau. Mama akampakulia, akamchagulia na mnofu, maana alikuwa mgeni wetu.