Nilivyonasa Juu ya Magunia

Wenzangu, mimi ndiye msimamizi wa usalama katika ghala la maharage hapa Kasulu. Kila asubuhi huwaigizia wabeba magunia ajali, ili wasisinzie kwenye mafunzo. Juzi, kabla hawajafika, nilipanda rundo la magunia bila ngazi kuchukua simu niliyoisahau huko juu. Suruali ikanasa kwenye msumari wa ukutani, nikabaki naning'inia. Walipoingia nikaomba msaada. Wakakaa chini, wakanitazama kwa raha.

"Kosa lake nini?" akauliza Mama Editha, kiongozi wao.

"Hakutumia ngazi," wakajibu.

"Jamani, leo siigizi."

"Leo ameigiza vizuri kuliko jana," akasema Mama Editha.

Hapo suruali ikachanika, nikaporomoka hadi miguuni pake na chupi yangu ya maua. Akafungua kitenge chake cha juu, akanifunika taratibu.

"Kumbe ni kweli, baba."