Mkalimani Aliyemnyamazisha Dada

Dada yangu alikuwa mzito wa kuelewa tangu utotoni. Maneno yalimtoka polepole, na mtu mwenye haraka hakuweza kumsikiliza. Lakini alijua kuanika dagaa na kupiga pasi ya mkaa bila kuunguza nguo, na alipenda vitambaa kuliko kitu chochote. Kila Jumamosi mama alipokwenda mjini, dada alifuatana naye ili asimame katika duka moja la nguo, akipapasa majora ya kanga.

Siku moja, miaka michache kabla ya uhuru, mwenye duka alimchoka akampiga kwa fimbo ya kupimia kitambaa. Dada akamng'ata mkono. Askari wakaitwa, na baada ya juma moja tulikuwa mahakamani, mbele ya hakimu Mzungu.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye kinu cha pamba, na Kiingereza nilikuwa nimekipata misheni. Nilikaa benchi la nyuma na mama. Hakimu alimuuliza dada kilichotokea. Dada alisimama muda mrefu akivuta pumzi, kisha akasema, "Alinipiga. Nikasema basi. Akanipiga tena. Nikamng'ata ili aache."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya wageni.

Mkalimani, mtu wa makamo aliyevaa koti la kahawia, hata hakumtazama. Alimgeukia hakimu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu hasemi la maana.

Nilisimama nikasema si kweli. Askari akanitoa nje kwa ukosi wa shati. Dada akaamriwa apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana, kwa gari moshi. Mama alimfuata mpaka stesheni na chupa ya maziwa, askari wakamkataza kumpa.

Mwenye duka nilimchukia, lakini yeye angalau alikuwa na alama za meno mkononi. Mkalimani hakuwa ameguswa na mtu. Alitaka tu kesi iishe. Huyo ndiye niliyeapa kumlipiza kisasi.

Kwa miaka mitatu niliandika barua kwa kila ofisi niliyoisikia, na katika kila barua niliandika yale maneno ya dada, yote, kama alivyoyasema. Mwishowe walimrudisha, amekonda, amenyolewa kichwa, na kwa miezi mingi hakusema neno. Nilipomtazama amekaa vile, nikaacha kazi ya kinu nikaomba ya mahakamani.

Walinipa dawati la pili, nyuma ya mkalimani yuleyule. Kila alipofupisha maneno ya shahidi, niliandika alichokiacha. Daftari lilipojaa nikalipeleka kwa hakimu. Wakamstaafisha kabla ya wakati wake, bila hata chai ya kumuaga, na mimi nikakalia kiti chake. Nilifurahi mno, na sioni aibu kusema hivyo.

Tangu hapo, alipoletwa mtu mzito wa akili au aliyechanganyikiwa, nilimwomba hakimu aruhusu ndugu mmoja akae karibu naye, na asiharakishwe. Makarani wakaniita wakili wa vichaa. Niliitika.

Bendera mpya ilikuwa imemaliza kama mwaka mlingotini, hakimu bado Mzungu, alipoingia yule mkalimani wa zamani. Alikuwa akigombea shamba lake lililoko Kiseke na mpwa wake. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo na kumlemaza mkono mmoja. Kiingereza chote kilikuwa kimempotea, na Kiswahili kilimtoka vipande vipande pamoja na mate. Mpwa wake akacheka. Hakimu akanitazama mimi.

Ile sentensi yake, kwamba huyu hasemi la maana, ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nilimsogelea. Sikumpa shikamoo.

"Unanijua?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Dada yangu alisema maneno yake hapa. Hukumfikishia hakimu hata moja."

Macho yakamjaa machozi. Nikayaacha yajae. Kisha nikaanza kumtafsiri, neno kwa neno, na aliponyamaza nikanyamaza naye, ukumbi mzima ukisubiri. Neno lililopotea nilimwambia alirudie, mara tatu, mara nne, mpaka jasho likamlowanisha. Tulimaliza asubuhi nzima. Wengine walidhani namhurumia. Nilitaka ahisi kila neno lake likipita mikononi mwangu, na ajue kwamba ningeweza kuliangusha.

Shamba alilishinda. Nje kwenye ngazi alininyooshea mkono wake mzima. Nikatia wangu mfukoni, nikapita.

Nyumbani nilimsimulia dada yote. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi, kisha akauliza, "Yule mpwa aliacha kucheka?"

Nikamwambia aliacha. Akaendelea na mahindi yake.

Yule mkalimani wa zamani alifariki mwaka uliofuata. Siku ya mazishi nilipita karibu na kwake kwa baiskeli, nikaona watu wamekaa uani. Sikushuka.