Mikono Juu Kwenye Shimo la Mwisho

Ijumaa nilikwenda mji wa jirani, Grand Prairie, na kina mama watano wa kanisa letu la Euless kumtazama binti wa mmoja wao akicheza gofu. Yuko daraja la chini la wachezaji wanawake wa kulipwa, na msimu mzima amehangaikia nafasi ya kupanda daraja la juu. Hili lilikuwa shindano la mwisho. Kwenye shimo la mwisho, mpira wake ulibaki hatua tatu kutoka shimoni. Akikosa, nafasi imepotea.

Tangu asubuhi kina mama walikuwa wakipiga vigelegele. Msimamizi, mzee mwenye kofia nyeupe, akawageukia akainua mikono yote miwili kuomba kimya. Nao wakainua yao kama kanisani, wakafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Mzee akabaki hajui ashushe mikono lini.

Mpira ukaingia. Hakuna hata mmoja wao aliyeshangilia.

"Maman, umeona?" binti akauliza.

"Nione saa ngapi?" mama yake akajibu, macho bado kayafumba. "Mimi nilikuwa kazini."

Kati yetu ni mimi peke yangu niliyeona, lakini garini hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wakibishana ni sala ya nani iliyousukuma ule mpira.