Kucha za Mzee Ngala

Usidhani Jacinta hakukitaka kiti cha mzee wa kanisa. Alikitaka kwa miaka kumi na miwili, na kila liliposomwa jina la mwingine alirudi nyumbani kwake Buxton amenuna, akazigombeza sufuria.

Siku sita za juma alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Jumapili, saa mbili hadi saa tano asubuhi, aliingia wodi ya wanaume katika hospitali moja kisiwani, akawaosha wagonjwa wasio na jamaa na kuwakata kucha. Kanisani alikwenda jioni. Kazi hiyo hakuichagua. Miaka sita nyuma, akimuuguza marehemu mumewe, alimsikia mtu wa kitanda cha pili akiomba maji, na hakuna aliyegeuka. Sauti ile ilikataa kumtoka. Alimlalamikia Mungu waziwazi: wengine umewaita waimbe, mimi umeniita kwenye kucha!

Na kucha zenyewe! Mzee Ngala wa Majengo, mgema aliyeanguka mnazini akavunjika mikono yote miwili, alikuwa na kucha ngumu kama kifuu, na shukrani hana hata ya dawa.

“We mama, wachelewa,” ndiyo salamu yake.

Mwaka huu jina lililosomwa likawa la Jacinta. Mchungaji Jeremy akamwita ofisini.

“Mama, mzee wa kanisa hukaa mbele ibada ya asubuhi. Huko wodini utamwachia mwingine.”

Jacinta alikubali upesi mno, hata akaona aibu. Tangazo la kutafuta mtu wa wodini likasomwa Jumapili tatu. Hakujitokeza hata mmoja. Tangazo la kamati ya sherehe ya kusimikwa lilisomwa mara moja tu, watu kumi na wanane wakaandikisha majina. Hasira ilianzia hapo.

Siku ikafika. Kanisa lao la Tudor lilijaa pomoni, na Jacinta akavishwa skafu ya zambarau ya wazee wa kanisa. Mchungaji akashika kipaza sauti.

“Mama huyu alikuwa akiosha wagonjwa. Bwana amemtoa huko, amemwinua!”

Vigelegele vikapigwa. Damu ilimchemka Jacinta. Amemtoa huko? Kwani huko ni shimoni? Alimkasirikia mchungaji, akawakasirikia wenye vigelegele, na zaidi akajikasirikia mwenyewe, maana alikuwa amefurahi kutolewa.

“Mchungaji, mimi nimetolewa,” alisema. “Ameingia nani?”

Mchungaji akashusha kipaza sauti.

“Nauliza, ameingia nani? Saa nne hii, kule yuko nani?”

“Mama, hayo tutayazungumza baadaye.”

“Hiyo baadaye yenu imeshakula Jumapili tatu!”

Akashika mkoba, akatoka kwa mlango wa mbele, watu wote wakimtazama, akapanda tuktuk hadi hospitali.

Mzee Ngala alikuwa ameugeukia ukuta. Beseni aliloliacha muuguzi tangu asubuhi lilikuwa pale pale chini.

“Wachelewa,” alisema. “Maji yashapoa.”

“Lete mguu.”

Aliuosha. Kikata kucha kilikuwa mkobani kama kawaida, ila taulo lilikuwa limebaki nyumbani. Jacinta akavua skafu, akaufuta nayo ule mguu, kidole kimoja kimoja.

“Kitambaa gani hiki?” mzee akanung’unika. “Hakinywi maji.”

“Nyamaza. Lete wa pili.”