Wiki ya Bi Kuluthum

Bi Kuluthum Jamaludin wa Kiembeni alirithi mali ambayo hakuwahi kuitia machoni. Kaka yake Taha alipofariki alimwachia wiki moja. Si shamba wala nyumba, ni wiki. Huko Shanzu, ufuoni, pana nyumba za mapumziko zenye wenyewe wengi kwa kila nyumba, na kila mwenyewe ana juma lake katika mwaka. Juma la Taha liliangukia Agosti, na sasa lilikuwa la dadake.

Bi Kuluthum alikuwa fundi wa kushona magauni ya harusi, na alijulikana kwa maswali. Mteja akija kupimwa kiuno, haondoki mpaka ameeleza kwao ni wapi na mamake alizaliwa na nani. Hata hiyo wiki aliipangisha kila mwaka kwa watu wanaojuana naye, na wakirudi huwahoji: kikombe kikivunjika, nani hulipa? Mapazia hufuliwa kwa zamu ya nani? Ukiamka ukakuta mwenye juma la pili amekaa mlangoni na masanduku yake, je? Lakini kwenda mwenyewe, alikataa.

"Nikalale Shanzu na kitanda changu kiko Kiembeni? Watu wataniuliza nimefukuzwa na nani."

Mwaka mmoja alikuja Quinter, mke wa Dancun Odhiambo, kupima gauni la harusi ya dadake. Dancun alifanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, na alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi bila mamake, Pascalia, kuja kumtembelea. Mama huyo alilima mpunga Ahero na hakuwahi kuiona bahari. Quinter aliposikia habari ya wiki, alimwambia mumewe, na kabla gauni halijaisha walikuwa wameshakubaliana: Mama Pascalia atakuja Agosti, akae Shanzu.

Sasa, mtu anayeshinda kati ya matangi ya mafuta huzoea kuliwaza baya kwanza. Dancun alitaka bima ya safari. Bi Kuluthum hakuwahi kusikia kitu kama hicho.

"Bima ya gari naijua. Ya safari ndiyo ipi? Safari hugongwa?"

"Safari huvunjika, mama," Dancun alisema. "Nishakulipa, kisha mtu augue asije. Ile wiki haingoji."

"Ni kweli, haingoji. Basi nami nakuja. Nataka nimsikie huyo mwenye bima."

Wakaenda pamoja kwa wakala mmoja Changamwe, binti kwa jina Vivian, ofisi yake ghorofani juu ya duka la vipuri. Malori yalikuwa yakipita chini na madirisha yakitetemeka.

"Shikamoo, mama," Vivian alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nina maswali."

Vivian akacheka, akavuta kiti. Alianza yeye kuuliza: nyumba ni ya hoteli?

"Si ya hoteli. Ni yangu kwa juma moja."

"Na majuma mengine?"

"Ya wenyewe. Siwajui, wallahi."

Vivian aliwahi kuwakatia bima wageni wa hoteli na wa ndege, lakini mtu aliyekodi juma la mtu binafsi hakuwahi kupata. Akapiga simu makao makuu, akaambiwa inawezekana, ila kuwe na makubaliano yaliyoandikwa kati ya mwenye juma na mpangaji, malipo yapite kwa simu au benki yaonekane, na wasimamizi wa nyumba wajue jina la mgeni.

"Sawa," Bi Kuluthum akasema. "Na nikiwa mimi ni mwizi? Nimepokea pesa, wao wamefika, mlango haufunguki?"

Dancun akainama kwa haya, lakini Vivian alijibu. "Hapo bima hii hailipi, mama. Inamkinga msafiri na ugonjwa, msiba, njia kufungwa. Haimkingi na mtu aliyemwamini."

"Na asipoipenda bahari?"

"Hiyo pia hailipi."

"Na mgonjwa ambaye alikuwa mgonjwa tangu zamani?"

Vivian aliacha kucheka. "Hilo ndilo hasa la kulisema mapema. Mama yako anaendeleaje, bwana Odhiambo?"

"Mzima. Ana presha tu."

"Hiyo 'tu' ni ya nini?" Bi Kuluthum alimgeukia. "Anakunywa dawa?"

Dancun alijikuna shingo. Alikuwa amesikia kazini kwamba ukitaja presha unakataliwa, na alishaamua kutoitaja. "Anakunywa, mama."

"Basi iseme. Ukiificha na ikamshika, si umenunua karatasi?"

Vivian alisema haikataliwi, ila inataka cheti cha daktari kwamba ugonjwa umetulia, na malipo yanapanda kidogo. Dancun hakufurahi. Hata hivyo aliposhuka ngazi siku ile, presha ya mamake ilikuwa imeshasemwa, na baada ya siku chache daktari wa Ahero akatuma cheti.

Ikawa Agosti. Mama Pascalia alikuwa amefunga mzigo wake na mchele wa kuwaletea wajukuu, akaanguka jikoni. Presha ilikuwa imepanda ghafla. Walimkimbiza hospitali ya Kisumu, na Dancun akapanda basi usiku ule ule akiwa amevaa nguo za kazi.

Mama Pascalia aliokoka. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini alisema, akala, na alipomwona mwanawe kitu cha kwanza alichouliza ni nani anakaa katika ile nyumba ya baharini.

"Hakuna, mama. Imefungwa."

"Nyumba imelipiwa na hakuna mtu?" Hilo lilimsumbua kuliko mkono.

Bima ililipa. Haikuwa haraka, Vivian aliomba hiki na kile, naye Bi Kuluthum alilazimika kuthibitisha kwamba juma lile hakumpangisha mtu mwingine. Ndipo akauliza swali lililokuwa likimtekenya: "Je, mwenyewe nikilala humo, nitakuwa nimekosa?"

"Usiikodishe tu, mama. Kulala, lala."

Akaenda. Alichukua teksi na kikapu cha viungo, maana hakuamini jiko la watu wengi. Alifungua kila kabati. Alikuta vijiko ambavyo hakuna viwili vilivyofanana, kila mwenye juma ameleta vyake, na mto mmoja uliotariziwa ambao aliutazama kwa muda mrefu kwa jicho la fundi. Kisha akatoka barazani, akampigia Mama Pascalia.

"Niko ndani ya nyumba yako," alisema.

"Kuko namna gani?"

"Ni kuzuri. Maji yamejivuta mbali, mawe yako wazi. Baadaye yatarudi."

"Yanaenda wapi?"

Bi Kuluthum, aliyezaliwa Pwani, aliyatazama upya yale maji. "Wallahi, sijawahi kujiuliza."

Waliongea mpaka salio likaisha. Kesho yake Mama Pascalia alipiga yeye, na kesho kutwa tena. Mmoja aliuliza habari za mpunga, unapandwa vipi ndani ya maji na hauozi. Mwingine aliuliza kama samaki wa maji ya chumvi hupikwa kwa chumvi.

Mwaka uliofuata daktari aliporuhusu, Dancun alikata bima nyingine, presha na kiharusi vikatajwa bila kusukumwa na mtu. Mama Pascalia alifika Agosti. Alitaka kukaa Shanzu, ila si peke yake, kwa hiyo wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana waliingia nyumba moja na kugawana vyumba.

Asubuhi ya kwanza walitoka polepole, Pascalia akiegemea bega la mwenzake, mpaka maji yakamfika miguuni. Alisimama. Halafu akamwita kijana wa usalama aliyekuwa akipita, na wote wawili, kwa zamu, wakaanza kumhoji.