Jogoo wa Mjomba

Kabla hamjasoma mbali, niseme wazi kwamba wakosaji ni wawili. Wa kwanza ni mume niliyekuwa naye, fundi seremala aliyetokea upande wa Ngerengere akaja kwetu Matombo kutengeneza mabenchi ya kanisa. Wa pili ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, mzee wa ukoo wetu, ambaye bado yuko hai na bado anapenda nyama. Majina yao nimekatazwa kuyaandika. Hii ni mara ya pili nakatazwa, kwa hiyo nimezoea, na mtaona jinsi katazo la kwanza lilivyonifaa.

Mambo yenyewe yako hivi. Kwetu Uluguru shamba hufuata ukoo wa mama. Mama alipofariki, lile shamba lake la mteremkoni, lenye migomba, mananasi na midalasini aliyoipanda kwa mkono wake, lilikuwa langu mimi binti yake. Mume hapo ni mgeni. Analima, anakula, akiachana na mwenye shamba anakusanya nguo zake anaondoka. Hata watoto wanaochunga mbuzi wanalijua hilo.

Sasa yule fundi alinivunja mkono wa kushoto kwa mchi wa kutwangia, kisa chumvi. Wala haikuzidi. Ilipungua. Mikono ileile iliyopiga randa mabenchi watu wanayokalia kumsifu Mungu. Nikaenda kwa mjomba, mkono nimeuninginiza kwa kanga, nikamkuta uani. Fundi alikuwa amenitangulia, amefunga beberu kwenye mlimao. Mjomba akaniangalia mimi, akamwangalia beberu, halafu akamwangalia beberu tena.

"Rudi nyumbani, mama," akaniambia, "mkayamalize wenyewe."

Nilirudi. Siku mchi ulipoinuliwa tena sikusubiri ushuke, nilishuka mimi, nikaja mjini, nikapanga chumba Mwembesongo, nikaanza kuuza mboga, na hapo nipo mpaka leo. Fundi akabaki kwenye shamba la mama yangu. Akaoa humo humo. Ndizi za mama akawa anakata yeye, na mkungu mnono unapelekwa kwa mjomba. Kila nilipopanda kudai, mjomba aliwaambia wazee kwamba yeye hajawahi kusikia habari ya mkono wowote, kwamba mimi nilikimbilia mjini kwa kuupenda mji, na mwanamke aliyelikimbia shamba ameliacha. Wazee wakatikisa vichwa. Shahidi wangu pekee alikuwa yule beberu, naye alishaliwa.

Huo ndio uchungu niliokuwa nao siku wasichana wa Dar es Salaam walipokuja.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuimbisha ngoma ya mwali hakuhitaji cheti. Pale Mwembesongo tuna kikundi cha wanawake. Mtu akiwa na binti wa kutolewa, anatuita. Wasichana wale walikuwa wawili, mmoja kanyoa kichwa chote kinang'aa, mwingine hereni zake ungeweza kuzivaa mkononi kama bangili. Adabu walikuwa nayo, shikamoo walitoa kwa kila mtu mpaka kwa mwenzetu mmoja anayekataa kuwa mtu mzima, akanuna. Walisema wanaandaa tamasha la wanawake jijini, lina muziki, mashairi, michoro na mazungumzo, na kwamba wao ni mafeministi. Mwenzetu huyo aliyenuna akauliza kama ni kanisa jipya. Wakacheka, wakasema hapana, ila watu wanaimba, wanatoa ushuhuda na wanafarijiana.

"Basi ni kanisa," mwenzetu akasema, nao wakaacha kubishana naye.

Yangu walishayasikia, maana mimi humsimulia kila anayenunua mchicha, awe na haraka au asiwe nayo. Yule wa kunyoa akaniomba, mbali ya ngoma, nipande jukwaani nizungumze kama manusura. Neno hilo nilikuwa nalisikia redioni kwenye ajali za mabasi. Nikalipenda. Nikamwambia nitapanda, na nitamtaja fundi kwa jina lake la ubatizo, na mjomba kwa jina lake na la baba yake, na kilima wanachokaa.

"Mama, majina hapana," akasema taratibu. "Wakitushitaki, tamasha linafungwa."

Nilinuna kuliko yule mwenzetu. Nilinuna nikiwa sokoni, nikanuna nikiwa naosha nyanya. Mtu anavunjwa mkono halafu anaambiwa amfichie jina aliyeuvunja? Ni pale tulipoanza kufanya mazoezi ndipo nikashtuka kwamba hata sisi kwenye ngoma yetu hatutaji majina, tangu enzi za bibi zetu.

Hapa nieleze kidogo. Zipo nyimbo za ndani, hizo haziwahusu na sitazigusa. Lakini mwali anapotoka, zipo nyimbo za uwanjani, wanaume wote wapo, na siku hiyo wanawake wana ruhusa ya kumwimba yeyote: mlevi, mchoyo, mzee anayenyatia wajane. Jina halitajwi. Anaigwa mwendo wake tu. Na aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika, kwa sababu akikasirika amejitangaza. Anaulizwa, kumbe ni wewe? Unaletwa mkeka, anakalishwa katikati, anaujibu wimbo wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hawezi kuchagua ubeti huu wangu, ule si wangu. Ndiyo maana kwenye ngoma zetu anayecheka kuliko wote mara nyingi ndiye anayeimbwa. Nimeshaona mwanamume analia machozi, anasema ni ya kicheko.

Basi nikatunga wimbo wangu. Una mgeni anayetwanga mkono badala ya mahindi, una binti anayepanda kilima na kanga shingoni, una mzee anayepokea kitoweo, anamrudisha binti kwenye kinu. Na kitoweo chenyewe nikakiweka kuwa jogoo.

"Dada, si alikuwa beberu?" akaniuliza mpiga ngoma wetu, ambaye hadithi yangu anaijua kuliko mimi.

"Wewe piga ngoma," nikamjibu.

Tulikwenda Dar kwa treni ya umeme, kanga sare, ngoma tumezipakata kama watoto. Treni ile haikupi nafasi ya kuogopa. Tulipopita Ngerengere mwenzetu mmoja alikuwa bado anatafuta pa kushika. Mimi nilichungulia dirishani nikapatukana kimoyomoyo mahali alipotokea fundi, ila kwa mwendo ule tusi lenyewe lilipokamilika tulikuwa tumeshafika kwa watu wasio na hatia.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wenye ukuta, ukuta umechorwa mwanamke mkubwa kama ghorofa, kabeba kuni, na kuni zinachipua majani. Bendi ilikuwa ya wasichana watupu, hata anayebeba spika msichana. Walijadili kwa nini kwenye msiba wanawake ndio wanaoosha sufuria hata kama marehemu alikuwa hawapendi, na hapo tulipiga makofi mpaka tukaombwa tupumzike. Binti mmoja alisoma shairi la hedhi, neno kwa neno, mbele ya wanaume. Yule mwenzetu aliyenuna alijiziba macho kwa viganja, lakini vidole aliviachanisha, akaniuliza kwa nini yule binti hakuzaliwa zamani akatuokoa na aibu.

Zamu yangu ikafika. Nikakalishwa kwenye sofa jukwaani, nikapewa kipaza sauti. Yule wa hereni akaniuliza kwa upole nilijisikiaje siku ile.

"Nilisikia mkono umevunjika," nikasema.

Watu wakapiga makofi, nami nikashangaa, maana nilikuwa sijaanza. Nikaona maneno ya kukaa kwenye sofa siyawezi. Nikainuka, nikafunga kanga kiunoni, nikawaita wenzangu. Tukapiga. Ubeti wa mzee ulipofika nikatembea kama mjomba: mkono mmoja mgongoni, tumbo linatangulia, hatua mbili unasimama, unafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja, unaendelea. Uwanja mzima ulishika kiitikio, jogoo, jogoo, mzee kashiba jogoo. Wasichana wa mjini, wenye kucha ndefu, wakaweka mkono mgongoni wakawa wanafuta midomo nyuma yangu kwa mstari. Simu zilikuwa juu kama mishumaa ya Pasaka. Nilijua mlima wetu una mtandao, hasa pale karibu na kanisa.

Kabla hata sijamaliza kuwasimulia wateja wangu, ikaja salamu kutoka Matombo: mjomba ameitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa, na mtuhumiwa ni mimi, kwa kumtukana mzee. Nikapanda. Kikao kilikuwa barazani kwa bibi yetu, mama mdogo wa marehemu mama, mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo, sikio lake moja limekufa na lile jingine husikia anachotaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba. Wazee walikuwepo, na fundi alikuja pia, akakaa pembeni kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Simu ilikuwa inazungushwa. Kila aliyeitazama alikohoa.

Nikampa mjomba shikamoo. Marahaba yake ilitokea puani.

"Huyu amenitukana mbele ya Dar es Salaam nzima," akawaambia wazee.

"Mjomba, nimemtaja nani?"

"Mwendo huo ni wangu. Mtu yeyote anaujua."

"Wanaotembea mkono mgongoni ni wengi."

"Na kufuta mdomo je?"

"Wote wanaokula nyama wanafuta mdomo, mjomba."

Mzee mmoja akacheka, akajificha kwenye kofia. Hapo ndipo mjomba alipovuliwa nguo na kiburi chake. Mimi nimemjua mtu huyu tangu nikiwa mtoto. Angeweza kuvumilia kuitwa mwongo, na mla rushwa angevumilia. Kuitwa mtu wa bei rahisi hakuweza. Alisimama, shingo imejaa.

"Jogoo! Mimi, mzee wa ukoo huu, nihongwe jogoo? Alikuwa beberu. Beberu mzima, mwenye madoa, muulizeni fundi mwenyewe."

Fundi akawa anachunguza misumari ya benchi lake kana kwamba imegongwa na mtu mwingine. Mjomba bado alikuwa amesimama, anasubiri watu wamwonee huruma kuhusu jogoo, na niliona usoni mwake neno lake likimrudia taratibu.

Bibi akageuza lile sikio zima.

"Beberu wa nini, baba?"

Mjomba akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja.

"Leteni mkeka," bibi akasema.

Angeweza kuondoka. Lakini kwenye mkeka ule yeye mwenyewe ameshawakalisha watu wengi, tena akiwacheka, na ukoo mzima ulikuwa unamtazama. Akakaa. Tukamwimbia wimbo ubeti kwa ubeti, bibi akiongoza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na kila ubeti akawa anaujibu. Ndiyo, mgeni alikuja. Ndiyo, alifunga mnyama kwenye mlimao. Ulipofika ubeti wa binti, akajaribu kusema kwamba mkono hakuuona vizuri.

"Ulifungwa kwa kanga ya rangi gani?" bibi akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Ya bluu," akasema mjomba, kisha akafumba mdomo, akiwa amechelewa.

Kwa mkono ambao hajawahi kuusikia, alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Wazee hawakuchukua muda baada ya hapo. Fundi avune mihogo aliyopanda, migomba ya mama aiache, aondoke na mkewe. Akaondoka kweli, na mlango akaung'oa akaubeba kichwani, akidai ameutengeneza yeye. Nyumba ya mama ikabaki wazi mpaka nilipoweka mlango mwingine. Sikumkimbilia. Nilisimama kwenye midalasini nikamtazama akiteremka, mlango unagonga kila mti wa njia ile nyembamba, na mkewe nyuma anamwambia ainamishe kushoto, ainamishe kulia. Yule mwanamke sina neno naye. Nilimpa mkungu wa ndizi za safari, na nilimwangalia mikono.

Msije mkadhani nimesamehe. Nikipanda mlimani wakati wa baridi mkono wangu unauma mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuniambia pole kati ya hao wawili. Mboga nauza bado Mwembesongo, ila sasa ndizi na mdalasini ni vyangu, na mteja nikimsimulia naongeza mwisho.

Mjomba alikuja kwangu mjini baadaye. Peke yake, na nanasi mkononi. Nikamwamkia, nikampa kigoda, nikampa chai. Alizungumza habari ya mvua, akazungumza habari ya barabara mbovu, akamaliza chai yote. Nikajua sasa pole inakuja. Akasogeza kigoda karibu.

"Mpwa wangu, nasikia wale wasichana wamekuita tena Dar."

"Wameniita, mjomba."

"Sasa huko ukifika," akasema, akiangalia mlango kama kuna mtu anatusikia, "weka beberu. Watu waimbe beberu."

Nikamwambia nitafikiria.

Nilifikiria. Tamasha lile tukaimba tetea. Lililofuata, kifaranga. Yule msichana wa kunyoa akaniuliza kwa nini hadithi yangu inapungua kila mwaka, nikamwambia ni umri, kumbukumbu inapotea. Juzi tumetoka huko tena. Safari hii nimeimba yai, na lenyewe viza.