Raushan Agoma Kupimwa Shingo

Raushan hakuwa mgomvi. Alikamua ng'ombe wa shamba la serikali pale kijijini Kokbulak hadi vidole vikapinda, na wakaza wanawe hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Lakini siku madaktari walipofika shuleni na mashine yao ya kutazama ndani ya shingo, aliiacha chai ya maziwa mezani ikifuka moshi, akatoka kwa hasira.

Tangu utotoni walimpima. Mwaka serikali ilipolipua bomu la nyuklia la majaribio nyikani, askari waliwalaza watoto kifudifudi mtaroni. Yeye na dada yake Kulpash waliinua vichwa, wakaona wingu jekundu likipanda. Jioni walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula nyasi zenye vumbi la bomu, kama kawaida, na kesho yake pia, maana hakuna aliyewakataza. Baadaye wakaja watu wa makoti meupe, mwaka hadi mwaka. Waliwabonyeza shingo, wakawatoa damu, wakaenda zao bila neno. Kulpash alipoota uvimbe kooni, aliambiwa ni ugonjwa wa kuambukizwa na mifugo. Alikufa sauti imemwisha, kaacha binti anayenyonya.

Sasa foleni ya wanawake ilijaa ukumbini. Zamu ya Raushan ilipofika, daktari kijana, Saltanat, alimwonyesha kitanda.

"Lala, mama. Haiumi."

"Najua haiumi. Shingo hii imeshikwa kabla hujazaliwa. Utaniambia umeona nini?"

"Majibu yanakwenda mjini kwanza, halafu..."

"Halafu yanafia huko." Raushan akakaa kitandani, mikono kifuani. "Basi silali. Na sitoki."

Jirani yake Zeinep akadakia kutoka kwenye foleni, "Hata kuku wangu nikimpapasa shingo, anajua kinachofuata."

Wanawake wakacheka. Raushan hakucheka.

"Mama, mimi nimetumwa tu," Saltanat alisema. "Utafiti una taratibu zake."

"Na dada yangu alikufa kwa taratibu. Mnataka kujua bomu limetufanya nini, lakini sisi wenye shingo tusijue. Sisi ni kondoo wa kukaguliwa meno?"

Asubuhi yote hakuna mwanamke aliyekubali kulala. Mkuu wa msafara wa madaktari akaja, akafoka, akatisha kufunga virago. Foleni haikusogea. Ilipofika adhuhuri alisalimu amri: kila mtu ataambiwa palepale.

Ndipo Raushan akalala. Saltanat akakigeuza kioo cha mashine ili naye aone.

"Hiki kivuli ni uvimbe, mama. Lazima tuuchome sindano tujue ni wa aina gani."

"Ni wa bomu?"

"Huu wako peke yake siwezi kuuapia. Ila waliokunywa maziwa ya hapa wakiwa wadogo, uvimbe kwao ni mwingi kupita kawaida."

"Mmejua lini?"

"Mimi nimeona wiki hii. Wakubwa wangu, sijui."

"Wanajua wao," Raushan alisema, akafunga vifungo vya gauni.

Ilikuwa saratani. Walimpasua mjini, akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza na kidonge cha kila asubuhi. Watu walipomwambia amshukuru Mungu, alijibu, "Mungu namshukuru. Waliokaa kimya sijawasamehe."

Madaktari waliporudi, alimpeleka binti wa Kulpash. Akasimama kando ya mashine, akakataa kiti alichopewa, akasema, "Haya, semeni. Tunawasikiliza."